Mwisho wa Wimbo wa Kisimani

Burma, 14 Oktoba 1945

Dada yangu mpendwa Kokuhirwa,

Shikamoo. Hujambo wewe? Baba hajambo, na kile kifua chake? Ng'ombe wetu Bihogo amezaa? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka kungoja. Vita vimekwisha, na sisi askari wa Keya tumekaa tu, kila siku tunaambiwa meli inakuja. Natamani nyumbani mpaka nasikia harufu ya samli kwenye chai isiyo na maziwa.

Kazi yangu sasa ni kulinda Wajapani waliosalimu amri. Nao wanangoja meli yao. Asubuhi wanasimama mstari kupokezana ndoo kutoka kisimani, na juzi, nikiwatazama, nilijikuta naimba wimbo wa Baba wa kunywesha ng'ombe. Mmoja akaacha ndoo ikamwagika! Nikamkaripia. Yeye akaokota kipande cha karatasi, akaanza kuandika.

Anaitwa Morita. Kwao Tokyo ni mtunzi wa muziki. Si wa harusini, dada. Ni wa fidla na piano, watu wengi wanapiga pamoja wakimtazama mmoja mwenye kifimbo. Mwalimu wake alikwenda Ujerumani kuisoma kazi hiyo, akarudi akatunga ya kwao. Kiingereza chetu ni kibovu, changu na chake, lakini do-re-mi anaijua kama masista walivyotufundisha misheni. Aliniimbia wimbo wetu wote kwa do-re-mi. Nilitokwa machozi mbele ya mfungwa, nikasingizia vumbi.

Kisha akauliza, "Unaishaje?" Nikamwambia siujui. Unajua nilichukuliwa jeshini kabla Baba hajanishusha kisimani kunipa mwisho wake. Tangu aulize, siwezi tena kuuimba. Tafadhali, mwombe Baba akuimbie, uniandikie kwa do-re-mi.

Ni mimi mdogo wako,
Mwesigwa

Bweranyange, 6 Januari 1946

Mdogo wangu Mwesigwa,

Marahaba. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Bihogo amezaa jike, jekundu kama mama yake. Baba hajambo kidogo. Kifua kinambana, na sauti imebaki ya kuongea tu. Yeye anakusalimu sana.

Nilimsomea barua yako mara mbili. Nilipofika pale pa Ujerumani akacheka: "Kumbe huko Wajerumani walifundisha fidla! Sisi walitufundisha kubeba mizigo." Halafu akauliza huyo Morita ana ng'ombe wangapi. Nikasema hana hata mmoja. Akasikitika kweli.

Lakini mwisho amekataa, Mwesigwa. Nimembembeleza, nimenuna, nimempikia ndizi anazozipenda, wapi! Anasema mwisho haupewi mtu aliyesimama pakavu. Ndio unaowaambia ng'ombe kwamba wote wameshiba, waondoke. Ukiimbwa hovyo, siku moja wataondoka na kiu. "Aje asimame ndani ya maji, anipandishie ndoo, nitamwimbia."

Nami nakuambia ukweli, tunateseka. Kijana tuliyemweka kunywesha anafanya kazi kimya kimya. Ng'ombe wakishakunywa wanabaki pale pale, wanamtazama, mpaka awapige fimbo. Baba akisikia zile fimbo anageukia ukutani.

Njoo, wewe. Mimi nimekukumbuka hata ubishi wako.

Dada yako,
Kokuhirwa

Burma, 20 Machi 1946

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mzima? Baba anaendeleaje? Mimi salama.

Barua yako ilifika siku chache kabla Wajapani hawajapanda meli. Wao wametangulia, dada! Walioshindwa wanakwenda kwao, sisi tulioshinda tumebaki tunafagia kambi.

Nilimweleza Morita alivyosema Baba. Hakukasirika. Aliinama kabisa, kama Baba yuko mbele yake, akasema huyo ni mwalimu. Halafu akaomba ruhusa atunge mwisho wake mwenyewe. Nikamwambia tunga, karatasi ni yako.

Alikuwa amepata habari kuwa mtaa wao uliungua wote kwa mabomu. Mke wake hajulikani alipo. Alitunga kwa siku kadhaa, akiujaribu kwenye fidla waliyojitengenezea wenyewe kwa mbao za sanduku na nyuzi za simu. Ina sauti ya mbu, lakini alipofika mwisho hakuna aliyecheka. Nimekunakilia chini ya barua hii. Angalia, mwishoni sauti inapanda, haishuki. Alisema Baba asipoupenda autupe.

Mwimbie, dada, uniambie alivyosema.

Mdogo wako,
Mwesigwa

Bweranyange, 26 Mei 1946

Mwesigwa mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi kukusalimu. U mzima? Kaa chini kwanza ndipo usome.

Nilimwimbia Baba mwisho wa Morita akiwa amelala. Akasema, "Huu haufai, unapanda. Hivyo ndivyo tunavyomwita ng'ombe aliyepotea." Nikafikiri yameisha. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akalia, Mwesigwa. Baba yetu! Akasema, "Maskini, huyu anaita watu wake."

Tangu hapo kila jioni alinitoa nje, nisimame uani niuimbe kwa nguvu. Majirani walidhani tumepoteza ng'ombe, wakawa wanakuja na fimbo zao kusaidia kutafuta. Baba anawaambia, "Namwita Mwesigwa." Niliimba mpaka nikapoteza sauti.

Wiki iliyopita aliamka akataka kupelekwa kisimani. Tulimbeba kwa machela. Akamtoa yule kijana ndani ya maji, akaniambia, "Ingia wewe." Wazee wakaguna, mwanamke kisimani tangu lini? Baba akawatazama tu, wakanipisha. Nilipandisha ndoo mpaka mikono ikafa ganzi. Ng'ombe wa mwisho alipoinua kichwa, Baba akaimba. Sauti sijui aliitoa wapi. Na ng'ombe wakageuka, wote, Bihogo mbele, wakaondoka bila fimbo.

Akaniambia, "Umesikia. Usimwandikie. Atakuja."

Alifariki siku ya tatu. Tumemzika kwenye migomba, karibu na zizi. Pole, mdogo wangu. Pole sana. Nakuandikia peke yangu na sina wa kunipangusa machozi.

Mwisho ninao. Siuandiki, nimemwahidi. Nanywesha mimi sasa, wazee wagune wasigune. Njoo uingie majini nikuimbie.

Dada yako,
Kokuhirwa

Mombasa, 11 Juni 1946

Dada yangu Kokuhirwa,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Nimekanyaga nchi kavu! Tulipakiwa melini ghafla, barua zote zikabaki nyuma. Ya mwisho niliyopata ni ile ya Januari, kwa hiyo sijui Baba alisemaje juu ya mwisho wa Morita. Utanisimulia. Mimi nautaka ule wa Baba mwenyewe.

Natoka hapa kwa treni, nivuke ziwa hadi Bukoba, kisha nitafute lori la Karagwe. Barua hii huenda ikanitangulia kidogo. Sitapita nyumbani kwanza. Nitakwenda moja kwa moja kisimani, na viatu vya jeshi hivi hivi, niingie majini.

Basi mwambie Baba ajikaze kifua. Siku mtakayosikia lori, asiimbe mwisho mpaka anione ndani ya maji nimeshika ndoo. Ng'ombe wanisubiri kidogo.

Ni mimi mwanawe, na mdogo wako,
Mwesigwa