Shati Jeupe la Siku ya Kwanza

Mujukuu wangu Trésor,

Hapa Kisangani tuko wazima. Mama yako bado anauza makaa sokoni, na kesho anapanda boti kuja kukuona huko Kinshasa. Ndiyo maana situlii. Barua hii nimempa abiria wa ndege, ifike kabla yake.

Umeniuliza uvae shati la rangi gani na kostimu, suti yako mpya, kazini. Bon. Siku yangu ya kwanza ya biro, kazi ya ofisini, nilivaa jeupe. Tonton wangu, mjomba mvuvi aliyenisomesha, akatoka kijijini Yanonge kuja kunipongeza. Akafungua mikono anikumbatie, mikono yenye masizi ya kukausha samaki kwa moshi. Nikarudi nyuma. Akanisalimia kwa mbali, akaenda zake. Shati lilibaki safi, na mpaka leo linanisumbua.

Vaa la bluu, vaa jeupe, yote sawa. Lakini mama yako akifungua mikono mbele ya wakubwa wako, ingia mzima mzima.

Babu yako