Mafundo ya Kamba ya Mjomba

Shikamoo Mjomba,

Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Naandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya ukuta wa zizi, maana tangu asubuhi kila nikikaa nainuka. Kesho ni mnada wa mbuzi kijijini Kisiwani. Miguu inataka kwenda na mimi naikataza.

Tangu tukuzike kule Chome, tumeshushwa wote kwenye kijiji kipya cha ujamaa huku bondeni. Mkeo Mama Nakijwa na wanao wamepewa kiwanja karibu na barabara. Nyumba imesimama, ila paa ni la nyasi, na mvua ya juzi, ambayo ilikuwa ya utani tu, ilimlowesha Nakijwa kitandani. Mimi ndiye uliyenikabidhi hela za bati ishirini. Ulizifunga kwenye kitambaa, ukaniambia nizitunze. Nikaona kuzitunza tu ni ujinga. Nilitaka ziwe za bati thelathini.

Unakumbuka nilivyokuwa nakucheka mnadani? Ukishanunua mbuzi wako ulikuwa husikii la mtu. "Mmoja, mara moja, halafu twende nyumbani." Nilikuona mvivu. Na ile kamba yako ya mkonge begani, imejaa mafundo, nami nikiwaambia vijana wenzangu kwamba kila fundo ni mbuzi aliyeuzwa na mjomba wangu. Nilikusifia bure.

Basi nikaanza kwa mtindo wangu. Nanunua saa tatu, nauza saa nne, nanunua tena. Mnada mmoja niligeuza mbuzi watano bila kutia kitu mdomoni. Kila mmoja nilimuuza kwa bei ya juu kuliko niliyomnunulia, na bado jioni kitambaa chako kilikuwa chepesi. Nilidhani nimeibiwa. Nikamshuku hata mlinzi wa zizi, mtu wa watu. Balozi wa nyumba kumi naye akaanza kuniita mlanguzi. Laiti angejua kwamba mlanguzi mwenyewe halangui kitu.

Kumbe dalali anachukua chake ninaponunua, anachukua tena ninapouza. Ushuru. Thumuni ya maji, thumuni ya mlinzi. Mbuzi mwingine, yale yale tena. Halafu akaja dalali mgeni mwenye kofia ya pama, akasema yeye hatozi ada hata senti moja. Nilimpenda mno, Mjomba, nikawa namnunulia chai. Nilifanya naye kazi minada mitatu, mpaka mfugaji mmoja mzee aliponiuliza kwa nini namlipa kidogo hivyo kwa mbuzi mzuri. Akaitaja bei aliyopewa. Ilikuwa shilingi nne chini ya hela niliyoitoa mimi. Ada ilikuwepo siku zote, imekaa ndani ya bei.

Siku hiyo nilimwomba Mama Nakijwa kamba yako, angalau nishike kitu chako. Akashangaa kwamba sikujua. Akaniambia kila fundo lilikuwa hela iliyokutoka mnadani mbali na bei ya mbuzi, na kwamba ulikuwa huiiti faida mpaka mafundo yote yawe yamelipika na kufunguliwa. Mnada uliopita nikaenda nayo, nikafunga kama ulivyokuwa ukifunga. Kufika adhuhuri ilikuwa fupi, haitoshi hata kumfunga mbuzi kwenye kigingi. Alisimama kanyoosha shingo, ananitazama. Nililia palepale. Watu walidhani nakulilia wewe, na kweli nilikuwa nakulilia pia.

Zimebaki za bati kumi na mbili.

Leo baada ya ibada nimemwambia Mama Nakijwa. Alikuwa anachambua maharage. Akaendelea kuchambua mpaka nikatamani kukimbia. Kisha akasema, "Mjomba wako alianza kufunga mafundo mwaka ule tulioezeka kwa majani ya migomba." Kumbe wewe nawe ulikuwa na hela za bati, ukataka zizae upesi, zikaishia mnadani. Mbona hukuniambia? Miaka yote ile nakucheka, na wewe unatabasamu tu. Nimekukasirikia, Mjomba. Nimekukasirikia, na sijawahi kukuhitaji kama leo.

Kesho siendi mnadani. Naenda Same mjini kununua hizo bati kumi na mbili, nianzie upande wanakolala watoto. Mafundo yangu nimeyafungua yote kwa meno, nimefunga mapya manane, moja kwa kila bati ninayodaiwa. Nikirudi Kisiwani nitanunua mbuzi mmoja, mara moja, halafu nyumbani.

Pumzika, Mjomba. Fundo la mwisho likifunguka nitapanda Chome nikwambie mwenyewe. Na mvua ikinitangulia, upande wa nyasi nitalala mimi.

Mpwa wako,
Eliamini