Minyaa Iliyokuwa Chini ya Mawingu

Jumapili jioni, Igoma. Mvua imenyesha mchana ikaacha, na mawingu yamebaki yametulia upande wa ziwa kama hayana safari. Siku nyingine ningekuwa nje na kamera. Leo nimekaa ndani.

Nimefanya jambo la aibu. Afadhali niliandike kabla sijaanza kujitetea.

Asubuhi niliwasha pikipiki nikaenda nyumbani, Misungwi. Kila masika napanda mwamba ulio nyuma ya nyumba yetu, nasimama palepale, napiga picha ya anga juu ya majaruba ya mpunga. Huu ni mwaka wa tano. Mnaonifuata hapa mnazijua picha hizo: mawingu matupu. Chini huwa nakata. Matuta, ng'ombe, watu, vyote huwa naona vinaniharibia.

Leo nikiwa juu ya mwamba nilipiga picha yangu, kisha nikafungua kwenye simu ile ya mwaka jana, ile nzima kabla sijaikata, nilinganishe mwanga. Pembeni kabisa, chini, ilionekana safu ya minyaa, mpaka kati ya jaruba la mama na la baba mdogo Masanja. Nikatazama bondeni. Minyaa haipo. Tuta limesogea upande wetu, kama hatua kumi hivi.

Damu ilinichemka. Baba ana miaka mitatu kaburini, na mdogo wake anamega shamba la mjane.

Nikashuka, na njiani nikakutana na nani kama si baba mdogo mwenyewe, anaswaga ng'ombe kwenda kunywa maji. Alisimama akatabasamu, akingoja nimwamkie. Nikampita. Mtu aliyenibeba mabegani nikiwa mdogo, nilimpita kama nguzo ya umeme.

Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Nikampa simu, nikamweleza nilichokiona. Aliitazama ile picha kwa muda, akanirudishia, akaendelea na ungo wake.

"Minyaa niling'oa mimi," akasema. "Mafuriko yalijaza mchanga kwenye jaruba la baba yako mdogo, nusu nzima ikafa. Nikamwachia kipande. Tangu baba yako afariki, unadhani ni nani ananilimia?"

Nikauliza kwa nini hakuniambia.

"Ungeshuka bondeni ungeona. Kila mwaka unakuja kupiga mawingu. Shambani hujakanyaga."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Ni kweli, miaka mitano nimeujua ule mpaka kwa kuukata tu.

Nilikwenda kwa baba mdogo kuomba radhi. Nilimkuta mkewe peke yake, ng'ombe walikuwa hawajarudi. Nilimngoja mpaka wingu likawa zito na ikabidi niondoke, maana ile barabara ikilowa pikipiki haipiti. Nilipokuwa naaga, mama mdogo akanitolea mfuko wa michembe, vile viazi vikavu ninavyovipenda tangu utotoni. Akaniambia baba mdogo alirudi mara moja kuchukua fimbo, akamweleza kuwa nimepita njiani sina raha, hata salamu imenishinda, bila shaka naumwa. Akaagiza nisiondoke mikono mitupu.

Sikuweza kumwambia ukweli. Nilishukuru, nikawasha pikipiki.

Picha ya leo ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga pale. Sitaiweka hapa.

Michembe iko mezani, sijaigusa. Shikamoo ya baba mdogo bado ninayo mimi. Kesho naomba ruhusa kazini niipeleke, na kamera naiacha Igoma.