Shimo Lililohamishwa

3 Machi

Baba, shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama bado anakufokea ukiingia sebuleni na viatu vya kazi? Mimi mzima, ila furaha imeninyima usingizi. Chama cha gofu kimekubali: mimi ndiye mwanamke wa kwanza nchini kucheza gofu ya kulipwa, peke yangu kati ya wanaume watupu. Leseni ni ya majaribio. Nisipovuka mchujo wa siku mbili za kwanza za mashindano ya Juni, wanaichukua. Na mashindano yenyewe yako hapo klabuni kwako, na mchimba mashimo ya kutumbukizia mpira ni wewe. Hebu ninong'oneze utayaweka wapi. Natania tu.

Mwanao

19 Machi

Marahaba, mwanangu. Mguu unanisumbua asubuhi, ukishapata moto unatulia. Mama yako kila anayepita anamsimulia habari zako, hata asiyejua gofu ni mdudu gani.

Hilo la mashimo usilitanie. Tayari wapo wanaosema binti wa mkata nyasi ametengenezewa njia. Kila asubuhi nahamisha mashimo kwa zamu, kushoto, katikati, kulia, ili nyasi zipumzike, na zamu haimjui mtu. Mpaka mashindano yaishe sitakuandikia, na tukikutana uwanjani sitakusalimia. Usinielewe vibaya.

Baba yako

24 Juni

Shikamoo.

Nimekosa kuvuka kwa pigo moja. Shimo la mwisho ulilichimba kushoto, nyuma ya mtego wa mchanga, upande ambao unajua unanishinda tangu utotoni. Ningenyamaza. Lakini pale katikati nilikuta kiraka cha nyasi kimezibwa asubuhi ileile, bado kibichi. Ulishachimba katikati, baba, kwa zamu yake, kisha ukafukia ukahamia kushoto. Kwa nini? Nilipopita karibu na banda lako ukajifanya unatengeneza mashine ya kukatia nyasi isiyo mbovu. Angekuwa mgeni nisingelia. Leseni wameshaichukua.

Mwanao

2 Septemba

Marahaba, mwanangu. Kalamu ilikuwa nzito, ndiyo maana nimechelewa.

Uliona sawasawa. Zamu ilikuwa ya katikati, nikachimba katikati. Halafu nikawaza: akivuka hapa, watasema baba yake amembeba. Nikafukia. Niliogopa midomo ya watu nikakuonea wewe niliyekuzaa. Roho inaniuma. Nimemweleza katibu wa klabu, kaniondoa kwenye mashimo, nimebaki na mashine tu. Nilistahili.

Nasikia Novemba kuna mchujo mwingine wa leseni, uwanja wa mbali. Ukikubali, nije nikubebee mfuko wa fimbo. Sitasema neno.

Baba yako

20 Septemba

Shikamoo baba. Mama hajambo? Nisikufiche, hasira inapungua halafu inarudi.

Mfuko una wa kuubeba. Wewe njoo ukae na mama pale kwenye kamba, wanapokaa jamaa za wachezaji. Vaa shati zuri. Nikipiga vizuri piga makofi, nikiharibu sikitika, kama baba za wenzangu. Watu wakisema, waache waseme.

Mwanao

15 Novemba

Marahaba, mchezaji wa kulipwa. Mliondoka na gari la chama kabla sijakufikia, basi nakuandikia. Mama yako sauti imemkauka.

Ulipoutumbukiza mpira wa mwisho nilipiga makofi hadi wenzangu wote wakawa wameshanyamaza, mimi bado naendelea. Bwana mmoja mwenye kofia akageuka, "Mzee, kwani unamjua huyu?" Watu wakanitazama.

"Namjua," nikasema, na nikasema kwa sauti. "Ni binti yangu."

Baba yako