Miwani ya Jumapili

Rafiki yangu Muriuki,

Kosa wanalofanya wanafunzi wengi wakitafuta mada ya utafiti ni kuitafuta mbali. Binti yako naye alilifanya, na mimi, mwalimu mstaafu mzima, nilimsaidia kulifanya. Nakuandikia nikueleze tulivyotoka humo, kwa maana Wanjiru amehitimu, na wewe hukuwepo kupiga kelele.

Ulipotuacha, alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa masomo ya biashara. Alitaka utafiti wake uunganishe biashara na macho, kwa heshima ya duka lako la miwani pale Gatitu. Tukakaa mezani kwangu, tukaunda mada nzito: mchango wa huduma za macho katika ukuaji wa uchumi wa Kenya. Niliipenda, Muriuki. Ilisikika kama hotuba. Msimamizi wake akairudisha. Tukaipunguza ikawa ya miji yote ya Mlima Kenya. Akairudisha tena, na safari hii akaandika pembeni kwamba asipoleta swali linalojibika kufikia Ijumaa, atasubiri mwaka mwingine.

Mwaka mwingine! Na mama yake alikuwa ameshatangaza sherehe kanisani.

Nilimkuta jikoni kwenu macho yamevimba. "Mwalimu, wacha niandike tu juu ya supamaketi," akaniambia. "Kila mtu anaandika juu ya supamaketi." Mama yake akatupakulia githeri, mahindi na maharagwe, na kwenye kijiko cha pili nikauma jiwe.

Unamjua Mama Wanjiru. Githeri yake haijawahi kuwa na mawe. Nikamuuliza, kwa upole, siku hizi anachagua maharagwe kwa macho gani, na ile miwani uliyomtengenezea iko wapi.

"Iko kwa Biblia," akasema. "Hiyo ni ya kanisa. Nikiivaa hapa na hii moshi, Jumapili nitavaa nini?"

Wewe ulimlalamikia miaka na miaka: "Mama, hii si kofia ya harusi!" Nasi tukacheka, tukidhani ni kituko cha mke wako peke yake. Safari hii Wanjiru hakucheka. Aliweka kijiko chini, akauliza, "Mum, ni wewe tu, ama ni wamama wote?"

Mada ikazaliwa hapo, juu ya jiwe. Niruhusu nieleze kidogo, unajua siwezi kujizuia. Swali zuri la utafiti ni lile unaloweza kulibeba asubuhi, ukamfikia mtu, akakujibu kwa mambo yake mwenyewe, ukarudi nyumbani kabla ya giza. Uchumi wa Kenya hauna mlango wa kubisha. Lakini mama anayechagua kahawa kiwandani ana jina, na ana mahali anapoketi. Basi Wanjiru akauliza hivi: kwa nini wanawake wa Kianyaga walio na miwani hawaivai kazini, na duka la miwani lifanye nini ili waivae? Msimamizi akakubali siku ile ile.

Akaenda Kianyaga, alikozaliwa mama yake, akaketi na wanawake wa kiwanda cha kahawa chini kwenye turubai, kahawa nyekundu huku, mbovu kule. Alibeba sindano yako na uzi. Unakumbuka ulivyokuwa ukimpa mteja sindano aitunge kabla ya kumwonyesha herufi za ukutani, asije akaona haya kama hakusoma? Wakatunga, wakakosa, wakachekana. Kisha mmoja baada ya mwingine wakamwambia neno lile lile: ya kanisa. Mmoja alikuwa ameifunga kwa leso, ndani ya sanduku, pamoja na cheti chake cha ndoa.

Hawakuidharau miwani, rafiki yangu. Waliiheshimu kupita kiasi. Na wewe, samahani, ulichangia: uliwapa kitu kizuri ndani ya kibweta chenye kitambaa laini, halafu ukashangaa wanakihifadhi. Binti yako ameshauri duka liuze pia miwani ya pili, fremu ngumu isiyo na urembo, yenye kamba ya shingoni, bila kibweta chochote. Ipimwe pale pale kiwandani, mbele ya wenzao, iwe chombo cha kazi kama viatu vya gambuti.

Siku ya kuutetea utafiti, profesa mmoja mwenye mvi alimuuliza kama jambo hili si la wanawake wa mashambani tu. Wanjiru akasema, "Na miwani yako iko wapi, Profesa?" Mzee akapapasa koti, akatoa kibweta. Chumba kizima kilicheka, naye akicheka kuliko wote. Akaivaa, akaanza kusoma upya ukurasa wa kwanza.

Jana alivaa joho. Mama yake alipiga vigelegele, na mimi nikapiga kelele za watu wawili, zangu na zako, mpaka mlinzi akaja kunitazama.

Lakini nakukosa. Mimi mtu wa Bungoma, wewe wa Nyeri, tulikutana kwa Kiswahili hiki, siku nilipoingia dukani nimekishika kitabu mbali na uso. Ukaniuliza, "Mwalimu, unasoma hicho kitabu ama unakifukuza?" Sasa nani wa kunitania hivyo? Nikipita Gatitu naona mlango umefungwa, nageuza uso.

Pumzika, Muriuki. Kazi yako imepata mwenyewe. Wanjiru atalifungua duka, nami nakuahidi nitaketi mlangoni na sindano na uzi, nikiwapokea wazee wenzangu.

Barua hii ataisoma yeye, kwa sauti, kando ya kaburi lako, mama yake akisikiliza. Huyo mama bado anasema utafiti ulikuwa wa watu wa Kianyaga, haumhusu yeye. Kwa hiyo neno la mwisho si lako, ni la msomaji. Wanjiru, mkifika nyumbani leo, toa miwani ya mama yako kwenye Biblia, umvishe kabla hajagusa maharagwe.