Majina Yetu Yamechapwa

Shinyanga, Alhamisi, Agosti 1998.

Asubuhi baridi, mchana upepo wa vumbi, na sasa jua linazama mimi nikiwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nimeosha uso mara mbili. Bado nacheka peke yangu.

Orodha imechapwa. Imeondoka na treni.

Niandike kwa utaratibu, maana furaha ni shahidi mbaya.

Miaka miwili nimekusanya majina ya watu wetu, sisi tuliovuka mpaka kutoka Burundi miaka ishirini na sita iliyopita na kutawanyika. Wengine wako Tinde, wengine Kagongwa, wengine wamo kwenye maduara ya Geita wakichimba dhahabu. Majina mia mbili na kumi na moja, kila moja na kilima alikozaliwa mtu na jina la baba yake. Baba Rehema, anayefuata dagaa Kigoma kila mwezi, aliahidi kubandika nakala kwenye masoko, makanisa na misikiti ya kule, ili ndugu waliopoteana nasi wazisome. Treni yake ilikuwa leo saa kumi jioni, na baada ya safari hii alisema anaacha biashara, magoti yamechoka.

Kwa hiyo ilikuwa leo au basi.

Tatizo lilikuwa printa ya ofisi. Kompyuta yetu inatumia mfumo wa Linux, na kiini chake cha zamani, ile programu inayoendesha vifaa vyote, hakikuitambua kabisa. Hapa simu yenyewe hukatika ukisema halo, sembuse kuvuta programu kwa waya kutoka nje. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Dar akanitumia sidii yenye marekebisho yote, imefungwa ndani ya gazeti, mkononi mwa kondakta wa basi. Kiini kipya kilikuwa humo, lakini kama unga: lazima ukande na kupika mwenyewe.

Nilianza saa mbili asubuhi. Saa nne kasoro dakika ishirini mashine ilimaliza kupika, nami nikagundua kwamba nimesahau kuweka alama ya "ndiyo" kwenye kipengele cha printa. Uzee. Nikaenda kunywa chai nipoze hasira.

Niliporudi nikaweka alama, nikaamuru ipike tena. Ikajibu kwamba hakuna jipya la kufanya.

Nikarudia. Hakuna jipya.

Mara ya nne nikaanza kuilaumu sidii. Nikaifuta kwa kanga ya Bi Zuhura, karani wetu. Nikamlaumu kondakta, kisha, Mungu anisamehe, nikamlaumu yule kijana wa Dar kwamba amenitumia takataka. Baba Rehema akachungulia dirishani, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, Mwalimu! Hiyo mashine inachapa au inakohoa?"

"Inafikiri."

"Mwambie dagaa hawafikiri, wanaoza."

Alipoondoka niliweka kichwa mezani. Nilimwona mdogo wangu wa mwisho, Anjelina, aliyebaki upande wa pili wa mto wa mpakani siku tulipovuka. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Ukurasa wa tatu wa orodha yangu, chini ya jina langu, nimeandika: anamtafuta mdogo wake, Anjelina.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Niliacha kulaumu, nikasoma. Mashine hii huangalia saa ya kila faili: kilichobadilika baada ya upishi wa mwisho ndicho inachokipika upya. Nikaorodhesha mafaili na saa zake. Upishi wa asubuhi: 09:40. Alama yangu ya "ndiyo", niliyoiweka baada ya chai: 04:20.

Nilikuwa nimefanya kazi kabla ya alfajiri, kumbe.

"Bi Zuhura, kuna mtu amegusa saa ya kompyuta?"

"Mimi, Mwalimu. Ilikuwa inadanganya. Saa ya ukutani saa nne, yenyewe inasema kumi! Nikashtuka, nikadhani treni ya Baba Rehema imeshaondoka. Nikairudisha kama ulivyonifundisha."

"Ulifanya vizuri sana."

"Mbona unacheka hivyo? Shikamoo yangu ya asubuhi hukuitikia, sasa unacheka."

"Marahaba, mama. Marahaba mara kumi."

Nilimweleza kwamba mashine haihesabu toka jua kuchomoza, inaanza usiku wa manane. Akasema basi hiyo mashine haijalelewa. Sikuweza kumlaumu. Kosa ni langu: nilikwenda kunywa chai nikaacha wazi mlango wa mkuu wa mashine, ule unaoruhusu kubadili kila kitu, jambo ambalo kila kitabu kinakataza.

Ilikuwa saa sita na nusu. Nikarekebisha saa, nikafuta upishi wote wa zamani, nikaanza upya. Kwa muda wa saa moja na nusu tulikaa tukitazama mistari ikipanda, Bi Zuhura akiuombea umeme usikatike. Saa nane nikaizima na kuiwasha. Nikatuma ukurasa mmoja.

Printa ikanguruma.

Sijawahi kusikia kelele nzuri kama ile. Bi Zuhura alipiga kigelegele mpaka watu wa duka la nguo jirani wakatoka kuuliza ni harusi ya nani. Nakala kumi na mbili, kurasa nne kila moja, sindano zikigonga jina baada ya jina. Jina la Anjelina lilipotoka nililishika kabla wino haujatulia. Likaacha alama kidoleni.

Saa kumi kasoro robo nilikuwa stesheni. Baba Rehema alizifunga nakala ndani ya kanga ya mkewe, akaziweka kifuani, siyo kwenye magunia yake matupu ya dagaa. "Hizi hazikai na dagaa," akasema.

Sijui kama Anjelina yu hai. Sijui kama atapita soko lile, au kama atasimama asome. Lakini tangu tuvuke ule mto, leo ndiyo mara ya kwanza nasubiri kitu kinachoweza kuja. Akinijia mlangoni na mvi zake, nitaweza kumwita kwa jina bila sauti kunikatika?