Jina Lililomezwa na Jua

Jumapili, Agosti 1972

Bado sijui kama aliyekufa ni mama yangu.

Jioni tulikaa kwenye redio ya mnyapara kusikiliza matangazo ya vifo, kama kawaida. Hapa shambani mtu hapewi ruhusa ya msiba mpaka redio imtaje, na mnyapara asikie kwa masikio yake. Mtangazaji akasema, "Habari za kifo cha mama mzazi, kilichotokea Kasulu, zimfikie mwanawe aliye kwenye shamba la chai Lushoto, ndugu..." Kisha mvumo, kama mvua juu ya bati. Basi.

Mwalimu wa elimu ya watu wazima alisema jua limelipuka. Eti nguvu zake zimevuruga anga la juu, lile linaloturudishia mawimbi ya redio, na wataalamu wa ng'ambo bado wanachunguza.

"Jua gani, Mwalimu?" mnyapara akacheka. "Wiki nzima tunakula ukungu!"

Nikamwomba ruhusa.

"Jina umelisikia?"

Sikulisikia.

"Basi kesho kikapu mgongoni, ndugu yangu."

Mama nilimwacha hawezi hata kukaa. Nikitoroka, kazi imekwisha. Nisipokwenda, na kama ni yeye...

Watu wa Kasulu hapa tuko wawili tu, mimi na Ruhaga, na mama yake naye anaumwa. Redio ilipozimwa tulitazamana. Hakunipa pole, wala mimi sikumpa. Nilijua anaomba nini, maana nami nilikuwa naomba hilohilo: msiba uwe wa mwenzangu.